Maziwa Hayakuwa na Kosa

"Dada, unanunua chungwa au unalichuna ngozi?"

Muuza matunda aliuliza kwa sauti ya mtu anayekusanya mashahidi. Ilikuwa ile saa ambayo ofisi zimefungwa na soko limefura, kila mtu anamkanyaga mwenzake na hakuna anayeomba radhi. Mwanamke aliyeulizwa hakushtuka. Alikuwa amevaa blauzi ya rangi ya haradali aliyoishona mwenyewe, na tepi ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni mwake kama mkufu. Alikwaruza ganda la chungwa kwa ukucha, akalinusa, akalirudisha, akachukua jingine.

"Nataka ganda linalonukia," alisema. "La ndani hata likiwa chachu, si neno."

"Mwache anuse," mwanamume mmoja alidakia nyuma yake. "Mimi nikija kutengeneza friji yako nanusa gesi, mbona hunisemi?"

Muuza matunda akacheka, maana friji ile ilikuwa imefufuliwa mara mbili na mtu huyo huyo. Mwanamke aligeuka. Aliona ovaroli ya bluu iliyopauka magotini, mfuko wa vifaa begani, na uso uliotulia.

"Kaka, nimekuomba unitetee?"

"Hapana."

"Basi asante, na tulia kwenye foleni."

Alitulia, lakini ulimi haukutulia. "Ganda unafanyia nini?"

"Chai."

"Ya rangi?"

"Ya maziwa."

"Maziwa na chungwa! Dada, hata mimi fundi friji najua yatakatika."

"Yanakatika kwa mtu asiyejua tofauti ya ganda na maji yake. Na wewe kama ni fundi kweli, niambie kwa nini friji yangu inanguruma kama trekta."

"Sijui mpaka niione."

"Na chai hutaijua mpaka uinywe," alijibu, akalipia machungwa yake.

Hivyo ndivyo walivyojuana. Mwanamke wateja walimwita Pindo, kwa sababu alikuwa na cherehani chini ya ngazi za jengo moja la maduka, na alikukunjia pindo la suruali ukiwa umesimama unasubiri. Mwanamume walimwita Baridi, kwa ajili ya kazi yake, na pia kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Watu walimsifu sana kwa hilo. Upole ni kitu kizuri mpaka siku inapohitajika mdomo.

Alipokwenda kuiona, friji ilikuwa na feni iliyolegea tu. Baridi aliikaza, trekta ikanyamaza, naye akanawa mikono na kusimama katika mlango wa jiko dogo la Pindo kama mwanafunzi.

"Usisimame bure. Kwaruza hilo chungwa. La juu tu, lile la rangi. Ukifika kwenye nyeupe umeleta uchungu."

Baridi alikwaruza kwa kikwaruzo cha karoti, akijikwaruza na kidole. Pindo alikuwa ameshabandika maji yenye tangawizi iliyopondwa, iliki iliyopasuliwa, kijiti cha mdalasini na karafuu chache.

"Chache hivyo?"

"Karafuu ni kama mawifi. Wakizidi, hamsikilizani."

Maji yalipobadilika rangi alitia majani, kisha maziwa. Yakapanda, akapunguza moto, yakapanda tena. Baridi alipewa kazi ya kusugua ganda pamoja na sukari kwa ncha za vidole mpaka sukari ikawa ya manjano, imelowa, inanukia nyumba nzima.

"Sasa nitie?"

"Ukitia kabla sijazima moto nitakupiga na mwiko."

Alizima. Sukari ikaingia, kifuniko kikafunika, wakangoja wakitazamana na kujifanya wanaitazama sufuria.

"Na machungwa yenyewe?"

"Tutayala. Maji yake yakiingia humu ndani, tutakunywa jibini."

Alipomimina, Baridi alikunywa funda moja akafumba mdomo kwa muda mrefu.

"Imekuunguza?"

"Hapana. Naogopa nikifungua mdomo harufu itatoka."

Pindo alicheka hadi akakaa. Mwanamume anayejua kumchekesha mwanamke jikoni kwake ni hatari, na alijua hivyo, akamwongezea kikombe.

Zikaja simu. Asubuhi: "Mpenzi, umeamka?" "Nimeamka, nina pini mdomoni, sema haraka." Mchana: "Umekula?" "Nimekula. Wewe?" "Nimekula vumbi la kompresa." "Pole, mume wa friji." Jioni alipita kwenye ngazi zile akambebea mfuko wa vitambaa, na fundi zipu, mama mnene mwenye miwani aliyekaa meza ya jirani, akawa anakohoa kwa makusudi kila wakishikana mikono.

"Nyumbani wanataka kukuona," Baridi alisema siku moja. "Jumapili. Mama, shangazi, na majirani wachache."

"Wachache?"

"Shangazi akialika hajui kuishia."

"Nivae nini?"

"Chochote, laazizi. Ila upike ile chai. Nimewasifia mpaka wamechoka."

Basi Pindo alishona gauni la kijani kilichokoza lenye kola nyeupe, pindo lake kwa mkono ili uzi usionekane. Viungo alibeba vyake. Kikwaruzo kilikaa kwenye pochi pamoja na wanja.

Sebule ya akina Baridi ilijaa. Mama yake, mwanamke mwembamba anayezungumza kwa kunong'ona, alimpokea kwa mikono miwili. Shangazi alimpima kwa macho kuanzia kola hadi viatu. Huyu ndiye aliyekuwa kichwa cha nyumba. Kaka yake, baba wa Baridi, alipofariki alihamia pale akamlea Baridi pamoja na mama yake, na neno lake lilikuwa la mwisho kuanzia rangi ya mapazia hadi nani anaumwa na nani anajifanya. Siku hiyo alivaa gauni pana la maua makubwa na kilemba kilichosimama kama mnara.

Pindo alipika chai kwenye sufuria kubwa. Aliepua, akatia sukari na ganda, akafunika. Mgeni mwingine alifika, mama akamwita atoke akamsalimie, naye akatoka akifuta mikono. Kwenye sahani yalibaki machungwa yasiyo na ganda.

Shangazi akaingia jikoni. Akayaona.

"Watoto wa siku hizi!" alisema peke yake. "Wametia maganda, maji wameacha."

Akafunua sufuria akayakamulia humo, moja baada ya jingine, kwa mikono yenye nguvu, makapi akayatupa kwenye ndoo ya taka. Baridi alikuja kuchukua vikombe akasimama mlangoni.

"Shangazi..."

"Namsaidia mwenzio. Beba vikombe."

Akabeba vikombe.

Chai ilimiminwa sebuleni mbele ya wote. Ilitoka maji ya kahawia na mabonge meupe. Jirani mmoja, mwanamume wa makelele aliyekuwa dereva wa lori kabla ya kustaafu, aliinua kikombe kwenye mwanga.

"Hii tunywe au tukate kwa kisu?"

Watu wakacheka. "Usijali, binti," mwingine akasema. "Cherehani na jiko ni vitu viwili." Mama wa Baridi akanong'ona kwamba labda ni maziwa. Shangazi alitazama ndani ya kikombe chake, akaelewa, akashika kilemba chake akakiweka sawa japo hakikuwa kimepinda.

Macho yote yakamgeukia Baridi, kama anavyotazamwa mtu aliyesifia kitu. Naye akacheka kicheko kidogo, akasema, "Jamani, msameheni. Leo ana wasiwasi."

Pindo alikusanya vikombe vyote, akaviosha, akaosha na sufuria, katika gauni lake jipya, masikio yakimwaka moto.

Baada ya hapo hakupata raha. Mikono yake ilikuwa imeipika chai ile mara nyingi mno kiasi cha kutohitaji macho, sasa akaanza kuishuku. Alibadilisha maziwa. Ya pakiti, ya chupa, ya yule mama anayeuza kwa ndoo. Alipunguza tangawizi. Aliacha ganda likae kidogo, akaacha likae sana. Kila mara chai ilitoka laini kama hariri, na kila mara Baridi aliinywa, akiwa ameketi kwenye kiti kile kile jikoni.

"Hebu niambie, mpenzi, siku ile nilikosea wapi?"

"Sijui, mpenzi."

Alijua. Alikunywa chai ya mwanamke anayejishuku, akasema hajui, akaomba nyingine.

Kilichomfichua ni huruma yake mwenyewe. Siku hiyo Pindo alimpigia simu akiwa kwa muuza maziwa mwingine, ng'ambo ya pili ya mji, jua kali, wateja wake wanasubiri.

"Huyu anasema yake yamekamuliwa leo. Nijaribu haya?"

"Pindo, rudi kazini. Acha kuhangaika na maziwa. Maziwa hayakuwa na kosa."

Pindo aliirudisha chupa ya maziwa mezani.

"Umejuaje?"

"Nimejuaje nini?"

"Usinirudishie swali. Umejuaje kwamba maziwa hayakuwa na kosa?"

Kwenye simu alisikia bisibisi ikiwekwa chini.

"Shangazi alikamua yale machungwa. Hakuwa na nia mbaya, mpenzi. Alidhani anakusaidia."

"Ulimwona?"

"Nilikuwa mlangoni."

"Ukafanya nini?"

"Nilibeba vikombe."

Pindo aliegemea ukuta wa duka la maziwa. "Na sebuleni ukasema nina wasiwasi."

"Angeaibika mbele ya wageni, laazizi. Ni mtu mzima, ndiye aliyenilea. Mkubwa anasitiriwa."

"Na mimi nasitiriwa na nani?"

Pindo alikata simu, akarudi kwa wateja wake.

Kesho yake alikuja chini ya ngazi amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, amekumbatia sufuria mpya inayong'aa, mfuniko wa kioo, utepe mwekundu. Wateja walikuwa wamejaa.

"Hiyo ya nini?" Pindo aliuliza bila kuondoa mguu kwenye pedeli.

"Zawadi. Nisamehe, kipenzi."

"Sufuria yangu ina tundu?"

Wateja wakacheka. Fundi zipu alivua miwani. "Kaka, hapo umejichoma kwa pasi yako mwenyewe."

Pindo alisimamisha cherehani. "Ulinisema sebuleni, kati ya watu. Sasa unakuja kuniomba radhi chini ya ngazi, na sufuria."

"Unataka nikamwaibishe shangazi?"

"Sikutumi ukamwaibishe mtu. Nataka useme lililotokea, pale pale lilipotokea. Mwezi mzima nimezunguka na chupa za maziwa kama mwendawazimu, nawe unakaa jikoni kwangu unasema hujui!"

"Ilikuwa chai tu, Pindo."

"Leo chai. Kesho mtoto wetu ataanguka akiwa mikononi mwa mtu mzima, nitaambiwa mimi ndiye sikumtazama, nawe utakuwa mlangoni umebeba vikombe. Siolewi na mlango. Ondoka, unanizibia mwanga."

Akaondoka na sufuria kwapani, utepe unapepea.

"Umekuwa mkali mno," fundi zipu alisema. "Vumilia, mwanangu. Wanaume na kwao ndivyo walivyo."

"Nani aliwapa ruhusa ya kuwa hivyo? Sisi, kwa kuvumilia."

Fundi zipu aliivaa miwani yake akashika zipu. Alikuwa amevumilia miaka mingi, na swali lile hakulipenda.

Simu za Baridi zikaendelea, fupi fupi.

"Mpenzi wangu."

"Umesema?"

"Bado. Nasubiri wakati mzuri."

"Kazi njema."

Na kesho yake tena, umesema, bado, kazi njema. Usidhani Pindo hakuumia. Friji ilikuwa imenyamaza tangu aitengeneze, na ukimya ule ulimuudhi. Kuna siku aliipiga teke ili walau ingurume. Chai hakupika. Alikunywa ya rangi, bila kitu, kama mgonjwa. Lakini kila alipoinua simu ili ampigie yeye, alimsikia tena akisema "msameheni", akaiweka chini. Asamehewe nini?

Huko nyumbani kwa akina Baridi, hadithi ilikuwa inakua. Uongo ukiachwa peke yake haulali. Jirani dereva alishambatiza Pindo jina, "mkwe mtindi". Kwenye duka la kona ilisemwa kwamba alitia machungwa yaliyooza. Mtaa wa pili alitia sabuni.

Jumapili moja jirani aliketi sebuleni akirudia hadithi hiyo kwa mgeni mpya, akiongeza chumvi. Mama wa Baridi akanong'ona, kwa nia njema kabisa, "Na haji tena. Labda ni heri. Tumtafutie mwanangu mwingine, anayejua jiko."

Baridi alikuwa ameinama nyuma ya televisheni akiunganisha waya. Akasimama na waya mkononi.

"Hakuharibu yeye!"

Sauti ilitoka kubwa hata yeye mwenyewe akaiogopa. Mama yake aliweka mkono kifuani. Hakuna aliyewahi kuisikia.

"Chai ilikuwa nzuri. Iliharibika kwa kukamuliwa machungwa baada ya yeye kutoka jikoni. Niliona, nikanyamaza, nikamsingizia wasiwasi. Mtu akisema tena mkwe mtindi, aniite mimi hivyo."

"Yalikamuliwa na nani?" jirani aliuliza, macho yanang'aa.

Baridi aliinamia tena waya wake. Hapo hapo shangazi akagonga sakafu kwa mguu.

"Na mimi! Umeridhika?" Kisha akamgeukia Baridi, na hasira yake haikuwa ile aliyoitarajia Baridi. "Na wewe, nani alikuambia unifiche? Siku ile nilikuwa na neno mdomoni. Nilitaka kusema, jamani ni mikono yangu. Ukawahi wewe na wasiwasi wako, wote wakacheka, mimi nikawa mwoga. Nikawa mwoga kwa umri huu! Kila nikiona chungwa nageuka pembeni. Unaita huko kunisitiri?"

"Nisamehe, shangazi."

"Usiniombe mimi radhi, huna adabu ya kujua wa kumwomba. Lete namba ya huyo binti."

Pindo aliona namba ngeni akapokea akiwa na sindano mkononi.

"Ni mimi niliyekamua," sauti nzito ilisema bila salamu.

"Shikamoo, shangazi. Najua."

"Marahaba. Nilidhani nakusaidia. Yalikuwa yamekaa uchi pale, nikaona hasara."

"Ungeniuliza, shangazi. Nilikuwa hatua chache tu, sebuleni kwako."

Shangazi alivuta pumzi. Hakuzoea kujibiwa, akagundua hakuchukia sana. "Ningekuuliza. Na ningesema kweli siku ile ile. Sikusema. Hilo ni baya kuliko machungwa. Nisamehe, mwanangu."

Pindo aliichomeka sindano kwenye kitambaa. "Yamekwisha, shangazi."

"Hayajakwisha. Wewe hujaja. Njoo Jumapili."

"Nije kupika?"

"Uje kunywa. Atapika yeye, asulubike kidogo."

"Alisema mwenyewe? Mbele ya watu?"

"Alisema! Alipiga kelele mpaka mama yake akataka kumpima homa."

Pindo alikwenda. Hakuvaa lile la kijani. Alivaa jekundu, jekundu la mtu asiyekuja kujificha. Aliketi kwenye kiti cha katikati sebuleni akakunja mikono. Kutoka jikoni zilisikika sauti za vita: mfuniko ulianguka, maziwa yakafurika, mtu akajilaumu kwa sauti ya chini. Pindo hakuinuka. Mama wa Baridi alitaka kuinuka, shangazi akamshika gauni.

Jirani dereva hakuweza kujizuia. "Leo nimekuja na kisu changu."

Pindo alifungua mdomo, lakini Baridi alikuwa ameshatokea mlangoni na sinia, aproni imelowa, sukari ya manjano hadi kwenye nyusi.

"Kirudishe mfukoni, jirani. Ukimtania mgeni wangu kwa kosa lisilo lake, utakunywa chai kwako."

"Na aliyelifanya ni mimi hapa," shangazi akaongeza. "Unataka kikombe au unataka mlango?"

"Kikombe," jirani alisema kwa unyenyekevu.

Chai ilikuwa na karafuu nyingi mno na tangawizi ya kukohoza. Lakini ilikuwa laini, na harufu ya chungwa ilipanda na mvuke ikajaza sebule. Pindo alikunywa taratibu. Wote walimtazama. Baridi alibaki amesimama mbele yake, sinia bado mikononi.

"Ikoje?" aliuliza.

"Mawifi wamezidi."

Baridi alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku zile mbaya, kisha akaacha kucheka. Akainama karibu na sikio lake. "Pindo," alinong'ona, "kuna jambo nataka kukuuliza. Tukitoka nje..."

"Nje kuna nini?"

"Hapa kuna watu."

"Nawaona."

Pindo aliweka kikombe mezani. Akaichukua ile sinia mikononi mwake, akampa jirani dereva aishike, akairekebisha kola ya shati la Baridi iliyokuwa imekunjika upande mmoja kama anavyofanya kwa mteja kabla hajamwachia aende.

"Uliza hapa," alisema. "Na uliza kwa sauti."